Mbiu ya Mgambo Mapafuni: Kinga ya Mwili Inapopigana na Virusi

 

Somo letu la sayansi mara hii ni kinga ya mwili. Tutatazama hasa kinachotokea mtu anapougua vibaya kwa virusi vya njia ya hewa, kama SARS, korona au mafua makali. Nimelichagua kwa sababu ya jambo nililoliona kazini, maana siku za wiki mimi ni muuguzi.

Wakati wa korona, bibi mmoja aliletwa hospitali siku ya tisa tangu aanze kukohoa. Wageni hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja alikuwa akitafsiri kwa simu. Daktari aliuliza bibi anajisikiaje. Bibi akajibu, "Pumzi inanikatika." Mjukuu akamwambia daktari kwamba bibi amechoka.

Mtoto yule hakufanya uzembe. Alimpenda bibi yake na alijitahidi, ila neno hakuwa nalo. Bahati nzuri nilikuwa karibu na nikasikia Kiswahili. Kuchoka ni jambo moja, kukatikiwa na pumzi ni jambo jingine, na siku ya tisa ya ugonjwa kama ule tofauti hiyo inaweza kuwa tofauti ya uhai. Kwa nini siku ya tisa? Hilo ndilo somo letu.

1. Ukuta mwembamba

Tuanze na mapafu. Hewa huingia puani, hushuka kooni, hupita katika bomba la hewa, kisha hugawanyika katika matawi madogo zaidi na zaidi, kama mti uliopinduliwa kichwa chini. Mwisho wa matawi hayo kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Mtu mzima ana vifuko zaidi ya milioni 300. Kama tungeweza kuvikunjua na kuvitandaza sakafuni, vingefunika kiasi cha mita za mraba 70, yaani darasa zima.

Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari lako. Upande mmoja kuna hewa, upande wa pili kuna mshipa mdogo wa damu. Oksijeni huvuka hapo kuingia kwenye damu. Ukumbuke ukuta huu, kwa sababu ndio unaoharibika katika ugonjwa mkali.

Njiani kuna walinzi. Nywele za pua huzuia vumbi. Kamasi hunasa wadudu wa maradhi. Vinyweleo vidogo ndani ya bomba la hewa husukuma kamasi juu ili tuiteme au tuimeze. Virusi vingi hukwama hapo. Vichache hupenya.

2. Mbiu inalia

Virusi si kama bakteria. Peke yake kirusi hakiwezi kuzaana. Lazima kiingie ndani ya chembe hai ya mwili wako, kiigeuze kiwanda, kitoe nakala zake kwa wingi, kisha nakala hizo ziende kuvamia chembe za jirani.

Wazee wetu wa pwani wana methali: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe iliyopigwa mjini kuwaita watu wasikie tangazo. Mwili nao una mbiu yake. Chembe iliyovamiwa inapogundua kitu kigeni ndani yake, hutoa kemikali iitwayo interferoni. Chembe za jirani zikiipata interferoni hufunga milango na kuandaa silaha kabla virusi havijafika. Chembe ile ya kwanza huenda ikafa, lakini imewaonya wenzake.

Kuna kemikali nyingine za kupeleka ujumbe, na kwa pamoja tunaziita saitokini. Baadhi huenda hadi kwenye ubongo na kuuambia upandishe joto la mwili. Hiyo ndiyo homa. Nyingine huiambia mishipa midogo ya damu ilegeze kuta zake, ili chembe nyeupe ziweze kutoka kwenye damu na kuingia mahali penye vita. Ndiyo maana sehemu yenye maambukizi huvimba na kuwa nyekundu.

Kwa hiyo, watoto, homa, kamasi na maumivu ya mwili mara nyingi haviletwi na virusi moja kwa moja. Ni kazi ya kinga yako mwenyewe.

3. Zamu mbili za walinzi

Kinga hufanya kazi kwa zamu. Zamu ya kwanza huja ndani ya saa chache. Hawa ni walinzi wa jumla. Hawamjui adui kwa jina. Wakiona kigeni chochote, hukimeza au hukimwagia kemikali kali. Wana kasi, lakini hawachagui sana, na wanaweza kuumiza hata chembe nzima zilizo karibu.

Zamu ya pili huchukua siku kadhaa kujiandaa, mara nyingi wiki moja au zaidi kama adui ni mgeni kabisa. Hawa ni mafundi. Wengine, waitwao chembe T, hutafuta chembe zilizovamiwa na kuziua moja moja. Wengine, chembe B, hutengeneza kingamwili. Kingamwili ni vitu vidogo vinavyomnata adui mmoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Kirusi kilichonatwa hakiwezi kuingia kwenye chembe. Ukiona tezi za shingo zimevimba, ujue mafundi wanaandaliwa huko.

Mambo yakienda sawa, mbiu hulia mapema, zamu ya kwanza huwahi, zamu ya pili hupokea kazi, kisha mbiu hunyamaza na wasafishaji huingia. Mgonjwa hupona. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa watu wengi.

Ugonjwa mkali huja mpango huo unapoharibika.

4. Toronto, mwaka 2003

Wazazi waliokuwa hapa wanakumbuka. Mwishoni mwa Februari 2003 mama mmoja mwenye umri wa miaka 78 alirudi Toronto kutoka Hong Kong akiwa na virusi ambavyo dunia ilikuwa bado haijavitambua. Alifariki nyumbani Machi 5. Mwanawe aliugua, akapelekwa hospitali moja ya Scarborough, akafariki Machi 13. Kutoka hospitali hiyo ugonjwa ulienea kwa wagonjwa wengine, jamaa zao na wahudumu. Ugonjwa huo ndio SARS, na virusi vyake ni ndugu wa karibu wa virusi vya UVIKO-19. Kanada ilihesabu watu 438 waliougua au kushukiwa kuugua, na 44 walifariki. Miongoni mwao walikuwamo wauguzi wawili na daktari mmoja wa eneo hili. Sisi tulioingia kazi hii baadaye tunafundishwa habari zao.

Madaktari waligundua jambo la ajabu. Wagonjwa wengi hawakuzidiwa mwanzoni. Walizidiwa wiki ya pili. Huko Hong Kong madaktari walifuatilia wagonjwa 75, wakaona kwamba wingi wa virusi ulifika kilele kama siku ya kumi, kisha ukaanza kushuka. Lakini mapafu ya baadhi ya wagonjwa yaliendelea kuharibika hata virusi vilipokuwa vinapungua. Kama virusi vinapungua, nani anayeharibu mapafu?

Watafiti wa hapa hapa Toronto walitafuta jibu kwenye damu ya wagonjwa wa SARS, iliyochukuliwa hatua kwa hatua tangu mwanzo wa ugonjwa. Matokeo yao yalitoka mwaka 2007. Kwa waliopona, dalili za mbiu ya interferoni zilionekana mapema, kisha zikatulia, na kingamwili zikajitokeza. Kwa waliozidiwa, mbiu haikunyamaza. Zamu ya kwanza iliendelea kupigana, na zamu ya pili haikuipokea kazi ipasavyo. Kingamwili zao zilikuwa pungufu.

Hapo ndipo ule ukuta mwembamba unapoumia. Mishipa iliyolegezwa ili walinzi wapite huvujisha maji. Maji hayo, pamoja na chembe zilizokufa, hujaa kwenye vifuko vya hewa. Damu inaweza kuganda katika mishipa midogo. Mgonjwa anavuta hewa, lakini oksijeni haivuki. Ni kama nyumba iliyoshika moto kidogo, majirani wakamwaga maji mpaka nyumba ikafurika.

5. Mbiu iliyozibwa

Ilipokuja korona, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini Kanada alikuwa hapa Toronto, Januari 2020. Machi mwaka huo Kenya na Tanzania nazo zilitangaza wagonjwa wao wa kwanza. Tuliona mtindo ule ule: wiki ya kwanza homa na kikohozi, kisha kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, wengi wakapona na wachache wakazidiwa ghafla.

Virusi vya korona ni wajanja. Vina njia za kuiziba mbiu mwanzoni, ili viendelee kuzaana kimya kimya. Mbiu ikichelewa, virusi huwa vingi mno, na mwili ukishtuka hupiga kwa nguvu kupita kiasi.

Mwaka 2020 watafiti wa kimataifa walichunguza wagonjwa 987 waliokuwa katika hali ya hatari. Kati yao 101, yaani mmoja katika kila kumi hivi, walikuwa na kingamwili zilizokosea njia: badala ya kunata virusi, zilinata interferoni yao wenyewe. Walikuwa wakiizima mbiu yao bila kujua. Katika watu 663 walioambukizwa lakini wakaugua kidogo tu au wasiugue, hakuonekana hata mmoja mwenye tatizo hilo. Kati ya wale 101, wanaume walikuwa 95.

Watoto mara nyingi huuliza kwa nini wao walipata mafua tu wakati babu alilazwa. Utafiti umeonyesha kwamba chembe za pua za watoto huwa zimejiandaa zaidi, kwa hiyo mbiu yao hulia mapema. Kwa wazee, mbiu huchelewa na mafundi wa zamu ya pili ni wachache.

Lakini watoto wachanga wana shida yao. Kuna virusi viitwavyo RSV. Mirija ya hewa ya mtoto mchanga ni myembamba sana, na uvimbe na kamasi kidogo tu huiziba. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi, pwani ya Kenya, wamevichunguza virusi hivi kwa miaka mingi. Hapa kwetu, Novemba 2022, RSV, mafua na korona vilikuja pamoja, na hospitali ya watoto ya SickKids ikalazimika kupunguza upasuaji ili ipate vitanda na wahudumu.

6. Kinga bora si kinga kali

Sasa naomba nizungumze na wazazi. Tumezoea kusema "kuongeza kinga". Tunachemsha tangawizi, limau na kitunguu saumu, tunajifukiza. Mimi pia hunywa tangawizi na asali. Koo hupata raha, na maji ya moto husaidia mwili usikauke. Lakini haviwezi kupanga zamu za kinga. Na kujifukiza na sufuria ya maji yanayochemka kumeunguza watoto, kwa hiyo tafadhali msiwafunike watoto shuka juu ya mvuke.

Mmeshaona kwamba mgonjwa wa wiki ya pili hafi kwa kukosa nguvu za kinga. Kinga yake inapiga bila kupumzika. Kinga njema ni ile inayoanza mapema, inayokabidhi kazi, na inayojua kuacha.

Ushahidi mkubwa ulikuja Juni 16, 2020, kutoka Uingereza. Watafiti wa Oxford walitangaza matokeo ya deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyojulikana tangu miaka ya 1950. Ni dawa ya jamii ya steroidi, na kazi yake ni kuituliza kinga. Kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, ilipunguza vifo kwa theluthi moja. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, ilipunguza vifo kwa moja ya tano. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni, haikusaidia kitu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Dawa ile ile, ugonjwa ule ule, lakini wakati tofauti. Ukiinyamazisha mbiu siku ya pili, unavipa virusi nafasi. Ndiyo maana nawasihi: vidonge vya steroidi vilivyoletwa kutoka nyumbani kwenye mkoba wa shangazi visitumiwe kwa kikohozi bila daktari. Wakati wa SARS steroidi zilitumiwa sana na kwa kiasi kikubwa, na baadhi ya waliopona waliharibika mifupa ya nyonga. Kama daktari tayari amekuandikia steroidi kwa pumu au ugonjwa mwingine, usiziache ghafla. Fuata maelekezo yake.

Njia ya kuiandaa mbiu mapema ni chanjo. Chanjo huwaonyesha mafundi sura ya adui kabla hajafika, nao huweka kumbukumbu. Adui akija kweli, zamu ya pili haihitaji wiki nzima kujiandaa. Desemba 14, 2020, mtu wa kwanza Ontario kuchanjwa dhidi ya korona alichanjwa hapa Toronto, na alikuwa mhudumu wa makazi ya wazee. Mafua hubadilisha sura, kwa hiyo chanjo yake hutolewa kila mwaka. Kwa RSV, tangu msimu wa 2024 Ontario imekuwa ikiwapa watoto wachanga kingamwili zilizotengenezwa tayari. Muulizeni daktari wenu.

7. Nini cha kutazama nyumbani

Hesabuni siku tangu dalili ya kwanza na mziandike kwenye kalenda. Msilegee homa ikishuka siku ya tano. Mtazameni mgonjwa kwa makini zaidi kuanzia siku ya saba. Pigeni 911 mara moja mkiona:

- Anahema au anatweta akiwa ameketi, au hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.
- Midomo, ulimi au kucha zimekuwa za bluu au kijivu. Kwa ngozi nyeusi, tazameni ndani ya midomo na kwenye kucha.
- Amechanganyikiwa, au ana usingizi mzito usio wa kawaida.
- Maumivu makali au mbano wa kifua usioisha.
- Mtoto mchanga: ngozi ya katikati ya mbavu inazama anapovuta hewa, tundu za pua zinapanuka, au hawezi kunyonya.

Mgonjwa akipata nafuu kisha akarudi nyuma, msingoje mpaka kesho. Apelekwe aonwe siku hiyo hiyo. Kwa maswali yasiyo ya dharura, namba 811 hupokelewa na wauguzi usiku na mchana.

Jambo moja zaidi kwa familia zetu. Wengi mmenunua kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Ni kizuri, lakini kinaweza kukosea kwenye ngozi nyeusi na kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uliona kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na kifaa hicho ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Namba ikiwa nzuri lakini bibi anahema, mwamini bibi.

Msamiati wa leo

- Pumzi kukatika: kushindwa kupata hewa ya kutosha.
- Kuhema, kutweta: kupumua haraka na kwa shida.
- Kichomi: maumivu makali ya kuchoma kifuani au ubavuni, wengine huita hivyo nimonia.
- Makohozi: ute mzito unaotoka kifuani, wengine husema balghamu.
- Pumu: ugonjwa wa kubana kwa mirija ya hewa.
- Kuzidiwa: ugonjwa kuwa mkali ghafla.
- Kupata nafuu: kuanza kupona.
- Kingamwili: vitu vinavyotengenezwa na kinga kumnata adui mmoja maalumu.

Maswali

1. Interferoni inafanana vipi na mbiu ya mgambo?
2. Taja tofauti mbili kati ya zamu ya kwanza na zamu ya pili ya kinga.
3. Kwa nini mgonjwa anaweza kuzidiwa wakati virusi vinapungua?
4. Deksamethasoni ilimsaidia nani, na haikumsaidia nani? Eleza sababu.
5. Bibi anasema, "Nilikuwa nimepata nafuu, lakini tangu jana pumzi inanikatika." Mwambie daktari maneno hayo kwa lugha anayoielewa, bila kupunguza kitu.

Kazi ya nyumbani

Kaa na mtu mzima wa nyumbani kwenu. Muulize kwao wanasemaje mtu anapoumwa kifua, anapokosa pumzi na anapozidiwa. Mombasa, Mwanza, Bukavu na Unguja huenda wakakupa maneno tofauti. Yaandike yote na maana zake, uyalete Jumamosi ijayo tuyabandike ukutani.

Wazazi, mkifika hospitali mna haki ya kuomba mkalimani. Ombeni. Lakini usiku wa manane, kabla mkalimani hajapatikana, huenda aliye karibu na bibi ni mjukuu peke yake. Tumpe maneno sasa, akiwa mzima na bibi akiwa mzima.

Tukutane Jumamosi.

Mwalimu wenu